Minazi 14 ya mama, na deni nililomsamehe mdogo wangu

Mdogo wangu aliweka rehani minazi 14 ya mama bila kuniambia. Nilijua siku niliyokwenda Msabaha na mkwezi wetu, nikamkuta mtu mwingine anaangua nazi shambani kwetu, ana karatasi yenye sahihi ya mdogo wangu. Pesa alishanunulia pikipiki. Nazi zile ndizo zilizokuwa zikimnunulia mama dawa.

Huku Malindi mjini wenzangu wa kanisani walinijia na neno moja: "Samehe, usahau." Liliniudhi kuliko minazi yenyewe. Nitasahauje, na kila miezi mitatu hivi nazi zetu zinapakiwa kwenye gari la watu? Mungu amesema hatazikumbuka dhambi zetu, na hilo analiweza yeye. Mimi nimeagizwa kusamehe.

Mara ya kwanza nilijilazimisha. Jumapili baada ya ibada nilinunua kilo mbili za sukari, unga, na leso ya mkewe, nikapanda tuktuk hadi mlangoni kwake. Jirani zake walikuwa mkekani wanasuka makuti. Nikasimama katikati ya ua, nikasema kwa sauti: "Mdogo wangu, nimekuja kukusamehe kwa yale uliyomtenda mama." Mikono ya wale akina mama ikasimama juu ya makuti. Mkewe akaiangalia sukari. Mwenyewe akaweka kikombe chini, akaniuliza polepole, "Dada, umekuja kunisamehe au kunitangaza?" Nikamjibu kwa ukali, naye akanijibu, na nilipopanda tuktuk kurudi sauti ilikuwa imenikauka. Kesho yake mtoto alinirudishia ile sukari haijafunguliwa.

Alisema kweli. Mathayo 18:15 yataka umwendee ndugu yako, wewe naye peke yenu, nami nilianzia kwa mashahidi.

Sura hiyohiyo ndiyo iliyonifungua. Baada ya Petro kuuliza asamehe mara ngapi, Yesu anasimulia habari za mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, kisha akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Wahubiri niliowasikia wote huzifanya dinari mia pesa ya chai. Lakini dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa nzima, kama wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Mia ni jasho la zaidi ya miezi mitatu! Yesu hakusema ninachodai ni kidogo. Alisema ninachodaiwa mimi hakilipiki. Nililia, maana ndiyo mara ya kwanza kusikia mtu akikubali kwamba kweli nimedhulumiwa.

Nikachukua daftari, nikaandika kila kitu: nazi zilizokwenda, dawa nilizokopa. Ikafika kama elfu themanini na kitu. Chini yake nikaandika lisilo na bei: mama aliniuliza mbona nazi haziji, nikamdanganya. Basi kila usiku nikifika kwenye "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu", naweka kidole kwenye mstari mmoja, nautaja, nasema, "Bwana, hili simdai tena." Mistari mingine ilikataa, nikairudia kesho yake. Ule wa mama ulinichukua tangu masika mpaka kaskazi. Usingoje moyo upoe ndipo uombe. Wangu ulipoa mwisho kabisa.

Nilimwendea jioni, peke yangu, anaosha pikipiki. Nilimweleza nilivyomdanganya mama. Kitambaa kikamtoka mkononi. "Dada, sikujua dawa zilitoka kwenye zile nazi." Nikamwambia nilishamsamehe kabla sijafika.

Hati ya shamba ninayo mimi, na wapo wanaosema huko si kusamehe. Wasome habari za Yusufu kule Misri: aliwalilia ndugu zake kwa siri, na bado alitaka kwanza kuona watamfanyaje Benyamini.

Minazi sita imeshakombolewa kwa pesa za hiyohiyo pikipiki. Mwezi uliopita mdogo wangu alipanda mwenyewe, akamkatia mama dafu. Mama akanywa, akajifuta mdomo kwa leso, akauliza limetoka mnazi upi.

"Ule wa kisimani, mama."

"Ndio maana," akasema, akanyoosha mkono aongezwe.