Jinsi nilivyoibana programu ya kugawia mafundi kazi Kampala

Tunatengeneza friji na viyoyozi, Kampala na Wakiso. Programu ilimpa kazi fundi aliye karibu zaidi kwenye ramani, na hapo ndipo balaa lilipoanzia: saa kumi na moja jioni, kilomita tatu za Jinja Road zinaweza kula muda mwingi kuliko kumi za asubuhi. Mtaa wa Bwaise ukifurika maji, programu bado ilielekeza gari huko huko. Wala haikujua nani amebeba mtungi wa gesi ya friji.

Nilizima ugawaji wa moja kwa moja. Sasa inapendekeza tu, dada anayepokea simu ofisini ndiye anayeidhinisha. Nikachora kanda kwa kufuata barabara kuu, si duara la kilomita, na jioni fundi havuki kanda yake. Kila fundi nikamwandikia ujuzi na vifaa alivyonavyo.

Anwani ndizo zilizonisumbua zaidi. Mteja husema “geti jeusi, mbele ya msikiti”, programu inatia alama katikati ya mtaa. Siku hizi kazi haifunguliwi mpaka atume lokesheni kwa WhatsApp. Geti na msikiti vinaandikwa kwenye maelezo, maana fundi anayekwenda kwa bodaboda huvitegemea kuliko ramani.

Ratiba ya asubuhi tu ndiyo nimeiachia programu. Hiyo inaiweza kutuzidi.