Sukari ya mmea wa mwambani

Jumamosi usiku niliuweka mmea mkavu kwenye kisahani cha maji, nikaenda kulala. Niliuchimbua mwezi wa Desemba juu ya mwamba, huku kwetu Machakos, ukiwa na maua yake madogo ya zambarau. Tangu hapo umekaa ndani ya bahasha, majani yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, ukiyafinya yanavunjika. Jumapili asubuhi nikakuta yamekunjuka, kijani kabisa, na ile mishipa yake minene imesimama. Nimefundisha utando wa seli miaka kumi na moja, na bado nilimwita mke wangu mbio aje aone.

Wataalamu huuita Craterostigma plantagineum.

Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia, na maji ndiyo yanayoviweka vichwa mbalimbali. Yakitoka, vichwa vinabanana, mikia inaganda kama samli asubuhi ya baridi, na tando mbili zikigusana zinaungana. Sukumawiki iliyokauka hivyo ukiilowesha haiamki, kwa sababu tando zimeshapasuka na kila kilichomo kinavuja.

Mmea huu una akiba. Majani yake mabichi yamejaa oktulosi, sukari ya kaboni nane ambayo mimea mingi haina. Ukame ukianza, oktulosi inapungua na sukrosi inapanda. Sukrosi ni hii hii tunayotia kwenye chai! Inashika nafasi ya maji kati ya vile vichwa, visibanane. Kisha ute wa ndani ya seli unakuwa mgumu kama peremende, na karibu kila kitu kinasimama pale kilipo.

Lakini kazi hiyo inataka muda. Mwaka jana niliuosha mmea mmoja udongo wote, nikauweka mbele ya feni usiku kucha. Asubuhi ulikuwa mkavu. Nilipouloweka ulilainika tu, maji yakawa rangi ya chai ya rangi, siku ya tatu ukanuka. Huu wa sasa niliuacha ukauke kivulini na udongo wake, zaidi ya wiki.

Mama alikuwa akitundika mahindi ya mbegu juu ya meko. Kiini cha ile mbegu nacho kina sukrosi, pamoja na sukari nyingine iitwayo rafinosi, ndiyo maana kinakauka na kuota tena. Mmea wenyewe wa mahindi shambani unao uwezo huo kwenye mbegu, majani hayana. Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town ametumia miaka mingi kutafuta namna ya kuuamsha uwezo huo kwenye majani ya mazao, na mimi niliyekulia Ukambani penye ukame naifuatilia kazi hiyo kwa moyo wote.

Bahashani imebaki mimea mingine mitatu. Jumatatu kipindi cha mwisho nitauloweka mmoja mbele ya Kidato cha Tatu, na ufunguo wa maabara nitampa kiranja ili Jumanne waingie kabla ya gwaride.