Siku yangu na nguzo za Nyamasaria

Saa kumi na mbili na nusu niko kwa boda, gambuti kwa gunia, naenda mjengo wa Nyamasaria, hapa Kisumu. Nachora nguzo za msingi wa nyumba, zile za chini ya ardhi: unachimba shimo refu, unaweka chuma, unamwaga simiti. Usiku mvua ilipiga Kisumu yote, so najua leo ni kutembea na kilo mbili za udongo kwa kila mguu. Huu udongo mweusi wetu, ule mafundi wanaita blak koton, mwezi wa kwanza ulikuwa umepasuka hadi nikaingiza mkono kwa ufa mpaka kiwiko, leo umefura ukaziba kabisa.

Saa mbili tunapima ugumu wa ardhi. Nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka sentimita 76, unahesabu mapigo ya kuzamisha bomba la kupimia sentimita 30 za mwisho. Mapigo mengi, ardhi ngumu. Juu mapigo 5, mita ya saba 36. Jamaa wa kuhesabu alikuwa anapokea simu, nikamnyang'anya daftari.

Saa nne maji yakaanza kuingia shimoni, kuta zinamomonyoka, tukashusha bomba la chuma kuzizuia.

Saa sita mwenye nyumba akafika, mimi niko kwa madondo na chapo. "Kijana, nyumba si inasukuma nguzo chini? Sasa hizi chuma mpaka kwa kitako cha nguzo ni za nini?" Swali zuri kusema ukweli. Nikamwambia mzee, mvua ikinyesha huu udongo unafura, unashika nguzo ubavuni unaivuta juu, na simiti ikivutwa bila chuma inakatika kama chaki. Ndo maana tunaenda chini hadi pale mvua na kiangazi havibadilishi kitu, halafu zile mita za juu sizihesabu kubeba mzigo hata kidogo, kwa sababu kiangazi udongo unasinyaa unaachana na nguzo. Akanyamaza, kisha: "Kumbe ndiyo maana mlango wa jikoni kule Ahero hukataa kufunga kila mwezi wa nne." Ndiyo hiyo mzee!

Shida ni michoro ya kwanza aliyouziwa, ilikopiwa kutoka mjengo wa Nakuru. Huko ni majivu ya volkano, shida yao ni ardhi kudidimia maji yakipita chini, sio kufura. Chuma ziliishia katikati ya nguzo, na bimu, zile za kuunganisha nguzo, zimelala juu ya udongo bila nafasi yoyote, yaani udongo ukifura unainua nyumba yote. Nilizichora upya wiki mbili bila malipo, bado inaniuma.

Saa tisa tukamwaga simiti nguzo ya nne. Ya tano tumeifunika na mabati, wingu la ziwani lilikuwa limeshafika.