Mtu wa kukaa naye kwenye foleni

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii Kawangware, hapa Nairobi, upande wa Gatina. Ni mmoja wa wale mnaowaona wakipita ploti kwa ploti na begi mgongoni, wakipima presha na sukari. Serikali ilipotuzindua rasmi Septemba 2023 tulikuwa zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja na kaya zake kama 100. Begini mna mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mambo ya akili tuna karatasi ya maswali tisa ya kupima dipresheni, yaani sonona.

Maswali hayo yanahusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu lina alama 0 hadi 3. Kwenye karatasi ni rahisi. Mlangoni kwa mtu ni kazi nyingine kabisa. Shosho mmoja anayelea wajukuu alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo nilipomwuliza la kwanza, kama bado anafurahia mambo aliyokuwa akiyapenda. Akacheka, "Mwanangu, raha ni ya vijana." La huzuni nalo akalipita vivyo hivyo, akitupa kokoto mlangoni. Nilipofika la usingizi, mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akaniambia huamka saa nane za usiku akahesabu madeni mpaka adhana ya alfajiri, halafu akinyanyuka kuwaamsha watoto, miguu inakataa. Hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu hakudhani huo ni ugonjwa. Alidhani ndio uzee.

Watu wetu hawaji na neno dipresheni. Wanakuja na kichwa kinachouma mwezi mzima, moyo unaodunda mbio, mwili usio na nguvu, tumbo linalowaka. Wanameza dawa za maumivu za shilingi kumi pale dukani, na wakienda kliniki wanapimwa malaria. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijatoa karatasi, naanza na usingizi.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni yanayotokea baada ya maswali. Nikimpa mtu barua ya rufaa na kumwambia aende, wengi hawafiki. Barua utaikuta wiki mbili baadaye, imekunjwa chini ya sukari kabatini. Mtu amekosa nauli. Akienda atapoteza kibarua cha siku. Anaogopa kuonekana na jirani. Zaidi ya yote, kitu chenyewe kinachomsumbua ndicho kinachomnyang'anya nguvu za kuamka, kuoga na kupanda gari. Tunamwambia mtu asiyeweza kutoka kitandani avuke mji mzima peke yake, kisha tunasema hataki kusaidiwa. Naona hilo ni dhuluma, hata kama hakuna anayekusudia.

Nikienda naye, anafika. Hilo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba sibishani tena na mtu.

Kuna kijana alikuwa akivuta mkokoteni wa maji hapa kwetu. Aliacha kazi, akaacha kuoga, akawa anazungumza na watu tusiowaona. Mtaa ulishatoa hukumu zake: bangi, laana, mke wa zamani. Mamake alikuwa amemzungusha kwenye maombi miezi kadhaa. Sina neno na maombi, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, lakini nilimwambia, "Mama, tuombe tukiwa njiani." Tukapanda matatu namba 46 hadi mjini, tukatembea mpaka Ngara, tukachukua gari la Thika Road kwenda Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Tulipopita Pangani makanga akaita, "Kuna wa Mathari?" Gari zima likanyamaza. Watu wakageuka. Kijana akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva, "Shukisha hapo, tuko watatu." Mamake akaniangalia, kisha naye akasema, "Tuko watatu." Tukashuka.

Jina hilo lina uzito wake. Hospitali ilianza mwaka 1910 wakati wa ukoloni kama mahali pa kufungia waliosemekana wana wazimu, na mpaka leo mtoto akisumbua darasani wenzake wanamwambia atapelekwa Mathari. Wengi hawajui kwamba kuna kliniki ya kwenda na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Unakaa kwenye benchi, unaitwa, unaongea na daktari, unachukua dawa, unapanda gari. Siku ile mama alikuwa amefunga blanketi na sabuni kwenye mfuko kwa kudhani mwanawe atabaki. Tulirudi na blanketi letu.

Jambo la dawa ningependa kila mtu mwenye mgonjwa nyumbani alisikie. Dawa nyingi za dipresheni, kama fluoxetine, huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu. Kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi vinaweza kuanza siku za kwanza. Kwa hivyo mtu anameza, anajisikia vibaya zaidi, anasema dawa imemkataa, anaitupa. Wiki hizo za mwanzo ndizo tunazopoteza watu wengi, na ndizo wiki ambazo jirani anaweza kufanya kazi ambayo daktari hawezi kuifanya akiwa hospitalini. Pita jioni na uji. Uliza, "Umemeza?" Kama hali inachacha, rudini pamoja kliniki waangalie kipimo au wabadilishe dawa. Asiache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe.

Swali la tisa kwenye karatasi yetu ndilo linalotisha wahudumu wapya. Linauliza kama mtu amewaza kwamba ni heri asingekuwepo, au kujidhuru. Wanaliruka kwa hofu kwamba watamtia mtu wazo. Hapana. Kumwuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi anashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Uliza kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza umsikilize. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na usianze kumhubiria kuhusu watoto wake. Anawajua watoto wake kuliko wewe.

Kwa miaka mingi familia zilikuwa zikificha. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hivyo mtu aliyenusurika alikuwa na hofu mbili, ya maumivu yake na ya polisi. Jamaa walidanganya hospitalini kwamba ni ajali, na daktari akatibu ajali. Januari 2025 Mahakama Kuu, kupitia Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilipomweleza baba mmoja habari hizo kwenye mkutano wa nyumba kumi, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Tafadhali zisambazeni. Sheria ikibadilika mjini na mtaa usijue, watu wataendelea kuficha.

Kuna wanaoniuliza kama mtu asiyesomea saikolojia anaweza kusaidia kitu. Anaweza, akifunzwa na akiwa na wa kumwongoza. Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya 14 pale Mbare, Harare, wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Na hapa hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu wanawake wa pembezoni mwa Nairobi waliopitia dhuluma za kijinsia. Walikutana na wahudumu wa jamii kama mimi kwa vikao vitano vya mpango uliotengenezwa na Shirika la Afya Duniani, na mateso yao ya moyo yalipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida tu.

Kwenye mipango hiyo yote wasaidizi wenyewe hawaachwi hivi hivi. Wana mtu wa kuwasikiliza. Sisi tumejipangia Ijumaa jioni kwenye ukumbi wa kanisa, chai ya rangi na mandazi, kila mtu anasema kilichomkaa rohoni wiki hiyo bila kutaja jina la mgonjwa. Mwenzetu mmoja, mama mwenye sauti kuliko sote, alikaa kimya Ijumaa mbili. Ya tatu akasema, "Mimi pia silali." Jumatatu yake dada mwingine wa kundi alimpeleka kliniki, akakaa naye kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. Sasa anaendelea na matibabu na bado anatembelea kaya zake.

Kama una mtu wa kumpeleka, usimwambie "nenda." Mwambie siku na saa utakayompitia. Beba kitambulisho chake, na bahasha zote za dawa alizowahi kumeza, hata zilizoisha, kwa sababu daktari atauliza na mgonjwa hatakumbuka. Beba maji na kitu cha kutafuna, foleni ni ndefu. Andika kwenye simu lini usingizi ulianza kupotea na lini aliacha kula vizuri. Ndani kwa daktari mwache aongee mwenyewe, na ukiombwa utoke, toka, umngoje mlangoni. Mkiondoka, hakikisheni mnajua tarehe ya kurudi. Na kama ni usiku na mambo yamezidi, laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo. Piga ukiwa umekaa karibu naye.