Duka la viazi ndani ya darasa la pili

Walimu wenzangu wa hesabu madarasa ya chini, nina ombi moja: tupunguze kuimbisha. "Kumi jumlisha tano?" Darasa zima linajibu kwa sauti moja, "Kumi na tanooo!" nawe unafunga andalio la somo ukiwa na amani. Hebu msimamishe mmoja wa dawati la nyuma peke yake uone atakavyotafuta jibu darini.

Mimi nafundisha Uyole, Mbeya, hapa barabara ya Tukuyu inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar. Wazazi wengi ni wakulima na wachuuzi, na watoto wao wameshika pesa za genge kabla ya kushika penseli. Kwa hiyo nafungua duka darasani. Viazi vidogo, maharage, maboksi matupu ya dawa ya meno, kila kitu na bei yake. Pesa ni vizibo vya soda vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 50, 100, 200, 500. Nusu wanauza, nusu wananunua, halafu wanabadilishana.

Sharti ni moja tu: muuzaji arudishe chenji kwa sauti, akihesabu kupanda kutoka kwenye bei.

Juzi binti mmoja, mama yake anauza viazi, aliuza fungu la 350 akapewa kizibo cha 500. Akaweka cha 50 mezani: "Mia nne." Akaweka cha 100: "Mia tano. Karibu tena." Mnunuzi akagoma. Huyu ni kijana wangu hodari wa kukokotoa ubaoni, na alikuwa ameshaandika kwenye daftari 500 kutoa 350, akapata 250. Mnaoifahamu kazi hii mmeshaona alipoteleza: kwenye makumi alikuta sifuri juu na tano chini, akaona aishushe tu ile tano. Kukopa kulimpita.

"Unanila chenji wewe!"

Wateja wa meza nyingine wakaacha manunuzi yao wakasogea. Binti hakupandisha sauti. "Haya, chukua hiyo mia mbili hamsini yako, jumlisha na viazi. Si inakuwa mia sita? Kwani ulinipa mia sita?"

Nilinyamaza kabisa, na kwa mwalimu mwongeaji kama mimi hilo si jambo dogo. Kijana akahesabu vizibo, akarudia, kisha akaniuliza mwenyewe ubaoni panakosewa wapi. Hapo ndipo nikafundisha kukopa, na nilisikilizwa.

Vipimo navyo tunavifanyia nje, kwa maji. Sado ni lita 4, debe lita 20. Kwanza kila kundi linakisia sado ngapi zitajaza debe, ndipo wanamimina. Wapo waliotabiri kumi. Ikifika ya tano maji yakagusa ukingo, kelele zake zinasikika hadi darasa la saba. Mmoja akauliza lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, ni sado ngapi. Nikamwambia gunia halipaswi kuzidi kilo 100, na kile kilemba cha juu mkulima halipwi. "Baba analijua hilo," akajibu.

Darasa likiwa kubwa, msijaribu duka moja. Fungueni manane, kila moja na mshika pesa wake na msimamizi wake, la sivyo watoto watano watacheza na wengine watapigana. Kipindi cha dakika 30 kinatosha kama meza zimepangwa wakati wa mapumziko. Siku za baridi ya Juni, ambapo vidole havishiki penseli vizuri, ndilo somo ninaloliwahi asubuhi.

Vizibo ombeni kwenye vioski na baa, wanavitupa tu. Vioshwe kwa sabuni, na kingo zake zigongwe kwa jiwe hadi zilale, maana zinakata vidole vibaya.