Nilivyojifunza kuuliza kabla ya kugawa Biblia

Nilipokabidhiwa kazi ya uenezi katika chama chetu cha Biblia cha mjini, nilipewa ufunguo wa stoo na daftari la kuhesabia. Stoo ilijaa maboksi hadi usawa wa dirisha. Daftari lilikuwa na safu tatu tu: tarehe, mahali, idadi. Kila mwisho wa mwezi nilijumlisha, jumla ikaenda kwenye kamati, kamati ikamshukuru Mungu. Niliendelea hivyo miezi 8 kwa moyo wangu wote, na kila mwezi jumla ilipanda.

Mwezi wa 9, muuguzi wa wodi ya wanaume, katika hospitali nilikokuwa nikigawa, aliniita pembeni. Mkononi alikuwa na mfuko mzito.

“Dada, hizi nimezikuta kwenye makabati ya vitandani, wenyewe wamesharuhusiwa. Nimeona vibaya kuzitupa.”

Ndani mlikuwa na Agano Jipya 11, zote za kwetu. Nilikaa kwenye benchi la korido nikazifungua moja baada ya nyingine. Kumi zilikuwa mpya kama zilivyotoka kiwandani, kurasa bado zimeshikana. Moja tu ilikuwa imekunjwa pembe ya ukurasa, katika Yohana 5, pale penye yule mgonjwa wa miaka 38 anayemwambia Yesu kwamba hana mtu wa kumtia birikani.

Nilimuuliza muuguzi kama anajua sababu. Alikuwa anaijua ya karibu kila mmoja. Wa kitanda cha 4 hasomi bila miwani, na miwani ilibaki nyumbani siku alipoletwa. Wa kitanda cha 9 hajui kusoma, ila asingenitamkia hilo mbele ya wenzake, kwa hiyo alipokea na kushukuru. Wawili wa karibu na mlango waliisema lugha ya kitabu kile kwa shughuli za kutwa tu. Lugha waliyokuwa wakisali nayo ilikuwa nyingine. Na mzee mmoja Mkatoliki alikuwa ameomba Biblia yenye vitabu vya Deuterokanoni, vile vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki na ambavyo Waprotestanti wengi hawanavyo, nami nilikuwa nimemwachia nilichokuwa nacho kwenye begi, nikasogea kitanda kinachofuata.

Siku ile nililia ndani ya basi. Naliandika hili kwa sababu najua wako wengine wanaobeba begi kama langu na daftari kama langu, na hakuna aliyewahi kuwaletea mfuko wa namna ile.

Wiki zilizofuata nilitafuta kujua waliotutangulia walifanyaje. Vyama vya Biblia vya mijini si jambo la jana. Cha Uingereza kilianzishwa London mwaka 1804, cha Philadelphia 1808, cha New York 1809. Nilidhani nitakuta hesabu za vitabu, na kweli zipo tele. Lakini nilikuta pia watu waliougawa mji vipande vipande, kila kipande kikapewa mtu wake, na mtu huyo akapita nyumba kwa nyumba akiuliza kwanza: humu ndani mna Biblia? Kama haipo, ni lugha gani mnayoielewa? Kitabu kilikuja baada ya jibu. Wahamiaji waliposhuka Ellis Island, kituo cha kuwapokelea bandarini New York kilichofunguliwa mwaka 1892, chama cha New York kiliwapa Maandiko kwa lugha walizokuja nazo. Mtu amevuka bahari, hajui neno hata moja la mji mpya, na kitu cha kwanza anachowekewa mkononi anaweza kukisoma.

Aliyenifungua macho hasa ni Ellen Ranyard wa London. Mwaka 1857 aliiangalia mitaa ya Seven Dials, mitaa ya ufukara ambako wageni wenye nia njema hawakuvuka kizingiti. Badala ya kumtuma mwanamke wa tabaka lake, alimwajiri aliyekuwa ameyaishi maisha ya mitaa ileile, akampa Biblia za kuuza, na wanunuzi wakalipa kidogokidogo kila wiki hadi bei itimie. Kwa hiyo kila wiki yule mwanamke alikuwa na sababu halali ya kubisha hodi mlango uleule. Akawa anaona nani ameanza kuumwa, nani analala chini, na hivyo vitanda na nguo navyo vikaanza kununuliwa kwa utaratibu huohuo. Ndani ya miaka 10 wanawake hao wa Biblia, ndivyo walivyoitwa, walikuwa zaidi ya 200 mjini London. Kuanzia 1868 baadhi yao walifundishwa uuguzi wa kuwahudumia wagonjwa majumbani.

Habari hiyo niliisoma mara tatu. Yale malipo madogo ya kila wiki, ambayo mimi ningeyaona ni kumsumbua maskini, ndiyo yaliyomrudisha mgeni mlangoni.

Nikaanza na daftari. Nilichora jipya kwa rula, safu 6: lugha ya kusali, macho, kusoma au kusikiliza, Biblia ya aina gani, amepewa nini, tutarudi lini. Majina sikuyaweka, wodini namba ya kitanda inatosha, na mgonjwa ana haki ya faragha yake. Safu ya mwisho ndiyo iliyobadilisha kila kitu, maana ukishaandika tarehe ya kurudi, umejifunga.

Shida ikawa namna ya kuuliza. Mara ya kwanza niliuliza kama karani: unajua kusoma? Nikaona uso wa mtu ukifungwa mbele yangu. Aliyeniokoa ni mama mmoja anayefanya usafi wodini, ambaye wagonjwa humwita jina la Mama tu. Nilimuuliza yeye angefanyaje.

“Mimi simuulizi kama anajua,” alisema. “Namwambia, baba, nikusomee au utasoma mwenyewe? Hapo anachagua, haungami.”

Tangu siku hiyo hatuulizi vingine. Na Mama yule, ambaye hakuwahi kualikwa kwenye semina yoyote ya chama, ndiye aliyewafundisha wenzangu 7 wanaojitolea. Nilijaribu kuwa mtu wa nje mwenye bidii kwa miezi mingi. Yeye kwa swali moja alinizidi, kwa sababu yumo ndani. Ranyard alishaliona hilo.

Macho yalitusumbua kwa muda mfupi, tukapata Injili za maandishi makubwa. Kwa wasioona ni kazi kubwa zaidi. Biblia nzima ya nukta nundu ni majuzuu zaidi ya 40, hujaza rafu nzima, hakuna kabati la wodini linaloyabeba. Tunapeleka kitabu kimoja, mara nyingi Marko, chenye sura 16, tukirudi tunauliza kama aletewe kingine. Wapo waliofika Waraka kwa Warumi kwa mwendo huo.

Wasiosoma tuliwapa vifaa vidogo vya kusikilizia vinavyochajiwa kwa jua. Kwanza tulikosea tena: tulimpa mtu mmoja kifaa kimoja, akakiweka chini ya mto kwa kuogopa kuibiwa. Mama akasema kiwekwe mezani katikati ya wodi jioni, baada ya wageni kuondoka, kwa nusu saa. Wanaosikiliza husimamisha wenyewe na kuulizana. Sisi hatuhubiri hapo. Tangu mwanzo vyama vya Biblia vilijiwekea kanuni ya kutoa Maandiko bila maelezo wala ufafanuzi, ili makanisa yasiyokubaliana kwa mengine yaweze kubeba boksi moja pamoja. Nilipokuwa mpya niliiona kanuni hiyo kuwa ya woga. Leo naona ndiyo iliyotufungulia mlango wa hospitali, na ndiyo inayoniwezesha kuwa na Mpentekoste na Mwanglikana kwenye zamu moja. Kuhusu Deuterokanoni, ugomvi wake uliwahi kuvitikisa vyama hivi vibaya sana miaka ya 1820, lakini tangu 1968 ipo miongozo ya pamoja kati ya Muungano wa Vyama vya Biblia na Kanisa Katoliki. Yule mzee wa wodini nilimtafuta hadi kwake nikampelekea aliyoiomba.

Halafu ikaja siku ya kamati. Kwa robo mwaka ya kwanza jumla yangu ilishuka hadi chini ya theluthi moja ya kawaida. Nilijua nitaulizwa, sikulala. Mzee anayeongoza kikao aliipitia karatasi kwa kidole, polepole, kisha akanitazama juu ya miwani yake.

“Binti yangu, tumepungukiwa na nini? Vitabu?”

“Hapana, Mzee. Vitabu vipo.”

Niliweka ule mfuko mezani, nikazipanga Agano Jipya 11 mbele yao na kusimulia kitanda kwa kitanda. Mzee aliomba aione ile yenye pembe iliyokunjwa. Alisoma ukurasa ule kimyakimya, mstari hadi mstari, akakirudisha kitabu kwa mikono miwili. Kisha akaagiza ripoti iongezwe safu ya ziara za kurudia, na kwamba hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza.

Kwa wanaotaka Biblia yao kamili mitaani tulifungua kitabu cha akiba, cha kuandikia malipo yao madogo ya kila wiki. Nilikuwa na wasiwasi kuwa nawatoza watu Neno la Mungu. Fundi cherehani mmoja ndiye aliyenituliza: nilitaka kumpa bure, akakataa, akasema cha bure atakipokea, ila hiki anataka kiwe chake. Alilipa kila Ijumaa kwa miezi mitano. Ijumaa moja hakuwa na kitu, tukakaa tu tukaongea kuhusu mwanawe. Hiyo nayo imeandikwa kitabuni: ziara, bila malipo. Asiye na uwezo kabisa hupewa, na hilo haliandikwi popote panaposomwa na watu.

Gerezani mambo ni mepesi zaidi kuliko watu wanavyodhani, mradi ufuate utaratibu. Jalada gumu halipiti, kwa hiyo tunapeleka ya karatasi. Wafungwa wanasoma kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpelekea kitabu, kwa kuwa saa ni nyingi, na wanaorudisha maswali kwa barua ndogo ndogo wamenifanya nisome upya vitabu nilivyodhani navijua. Kazi ngumu ni siku ya kutoka. Tunajaribu kumkutanisha anayetoka na mtu wa mtaa anakorudi, kabla geti halijafunguliwa. Mara nyingine tunachelewa.

Bandarini ndipo tofauti ya jana na leo inaponiuma zaidi. Zamani meli ilikaa bandarini siku nyingi hata wiki, mizigo ikishushwa kwa mikono na winchi, na mwinjilisti wa vitabu aliweza kupanda melini Jumatatu, akarudi Alhamisi, akawajua mabaharia kwa sura. Meli ya makontena huingia na kutoka kwa saa chache. Tena tangu Julai 2004 zilipoanza kutumika kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, huwezi kufika ngazini bila kibali. Baharia mwenyewe mara nyingi hashuki kabisa.

Tuliomba vibali vya watu wawili, tukangoja, tukapata. Sasa tunapata orodha ya meli zinazotarajiwa, na kabla meli haijatia nanga tunajitahidi kujua wafanyakazi wake wanatoka wapi. Ufilipino ndiyo nchi inayotoa mabaharia wengi kuliko nyingine, kwa hiyo Kitagalog hakikosekani begini. Wengi hawataki kitabu kinene. Kabati la baharia ni dogo. Wanataka memori kadi, au kupakua kwenye simu tukiwawashia intaneti yetu dakika chache pale ngazini. Mwanzoni nilisikitika kuona boksi la vitabu likirudi limejaa. Nimeacha kusikitika. Mtu anayesikiliza Zaburi kwenye simu yake usiku wa zamu, katikati ya bahari, amepewa kitu kinachomfaa.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Myanmar alishuka hadi kwenye ngazi ya meli. Nilimuuliza lugha yake, akasema Kiburma. Tafsiri ya Kiburma ipo tangu zamani. Adoniram Judson aliikamilisha mwaka 1834 na ingali inasomwa. Ipo, lakini begini sikuwa nayo. Tulijaribu kuipakua, mtandao ukawa hafifu, na honi ikapigwa. Alisema hataki ya simu tu, anataka ya kushika pia, ya mama yake, kwa sababu macho ya mama yake hayaiwezi simu. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha melini, kwamba meli yao huzunguka na kurudi.

Niliandika: Kiburma, maandishi makubwa, ya mama. Niliagiza siku ileile. Kifurushi kimefika juzi, nimekiweka kwenye rafu iliyo karibu na mlango, juu yake nimebandika jina la meli. Kila asubuhi naangalia orodha ya zinazotarajiwa.