Kutoka "Huyu" Hadi "Huyo"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nilikuwa nimeandaa neno la shukrani kwa wiki hii, lakini nimeliweka kando kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu Jumatatu.

Miezi mitatu iliyopita mke wangu alileta wazo la kufuga kuku chotara. Tukakubaliana, tukatoa akiba yetu, tukanunua vifaranga 200. Kutafuta chanjo ya kideri ilikuwa kazi yangu. Nikasema kesho, nikasema keshokutwa. Kideri kikaingia bandani, na kufikia Jumapili jioni walikuwa wamebaki 11. Kesho yake kaka yangu akapiga simu kunipa pole, nami nikamjibu, "Si huyo mwanamke! Ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya kuku." Nilipogeuka, mke wangu alikuwa mlangoni na kikombe changu cha chai. Akakiweka mezani, akaondoka bila neno.

Usiku usingizi haukuja, nikafungua Mwanzo. Habari hii tunaijua wote tangu Shule ya Jumapili, lakini usiku ule nilinaswa na neno moja dogo. Katika sura ya 2, mstari wa 23, Adamu anamwona mkewe kwa mara ya kwanza na kusema, "Sasa huyu ni mfupa katika mifupa yangu, na nyama katika nyama yangu." Huyu, aliye hapa karibu, ubavuni. Sura inayofuata, mstari wa 12, Mungu anauliza habari za mti, na Adamu anajibu, "Huyo mwanamke uliyenipa." Mwanamke ni yuleyule, ila sasa amesogezwa. Na hilo neno "uliyenipa" linampita mke na kumfikia Mungu mwenyewe! Wafasiri wetu wa Biblia Mungu awabariki, maana Kiswahili chao kimenichoma.

Ndugu zangu wanaume, niruhusuni niseme. Tumemhubiri Hawa vya kutosha. Kila ndoa ikiyumba, kuna mzee wa kusimama na kutukumbusha nani alizungumza na nyoka. Mbona hatusomi 2:16 na 17? Katazo la mti alipewa Adamu, na Hawa alikuwa hajaumbwa bado. Mbona hatumalizi 3:6? "Akampa na mumewe, naye akala." Hakulishwa kwa nguvu. Paulo anapowaandikia Warumi, sura ya 5, kwamba dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, jina analolitaja ni la Adamu. Mimi niliyekabidhiwa chanjo ndiye niliyemnyoshea kidole aliyeamka alfajiri kuwanywesha maji wale kuku. Wewe je? Siku ya harusi ulimshika mkono mbele ya kanisa lote, ukasema huyu. Leo ukiwa na wenzako, au ukiongea na mama yako kwenye simu, unamwitaje? Mpendwa, tubu kabla chai haijapoa. Usingoje yeye aanze. Usingoje mchungaji aitwe.

Na turudi Mwanzo sura ya 3: kuna mstari wa 20, ambao nimeuruka miaka yote. Adamu ametoka kuambiwa kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi. Mavazi ya ngozi Mungu hajawavika bado. Wamesimama na majani yao ya mtini. Hapo ndipo anapomgeukia mkewe na kumpa jina: Hawa, "kwa kuwa yeye ndiye aliye mama yao wote walio hai." Masikio bado yanalia hukumu ya kifo, na yeye anamwita mkewe kwa jina la uhai. Sikuwa nimewahi kumheshimu Adamu mpaka nilipofika hapo.

Jumanne asubuhi nilimkuta bandani anamwaga dawa. Nikamwita kwa jina lake, lile nililolitaja madhabahuni, maana siku hizi namwita Mama fulani tu. Nikamwambia, chanjo ilikuwa kazi yangu, nisamehe. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanipa ufagio. Tukafagia pamoja. Jioni nilimpigia kaka, mke wangu akiwa ameketi kando yangu, nikamweleza yote tangu mwanzo, na habari ya chanjo. Mke wangu hajazungumza nami sana bado. Wale kuku 11 wangali hai. Mtuombee.